Maji Yanatoka Saa Ngapi?

Reading, Uingereza

Shangazi yangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo: watoto wanakua, baridi imepungua makali, kazi zinaendelea. Hofu na mashaka ni juu yenu nyote mlio Tanga, hasa baada ya habari kuzagaa kwenye kundi la ukoo kwamba nyumba yangu imefurika na serikali imenihamishia hotelini. Nyumba haijafurika. Hotelini sijaenda. Dhumuni la waraka huu ni kueleza mambo yalivyokuwa, kwa sababu naona kila mmoja kapokea kipande cha habari na kukiongezea nyama kwa kadiri ya njaa yake.

Mashine ya kufulia ilikuwa inavuja. Ndiyo habari yenyewe. Ila kutoka kuvuja hadi kukauka pana safari, na safari hiyo imeshirikisha watu wengi kuliko harusi ya bintiyo.

Nianze na mahali inapokaa, maana najua hapo utasimamisha usomaji umwite jirani. Inakaa jikoni. Waingereza walio wengi huiweka mashine ya kufulia jikoni, chini ya meza ya kukatia vitunguu, ubavuni mwa jiko. Huku mchuzi unachemka, huku soksi zinazunguka, katikati hakuna hata hatua moja. Sababu wanazo. Bafuni, taratibu zao za umeme haziruhusu soketi ya kawaida karibu na beseni la kuogea. Nyumba nyingi hazina ua wala stoo. Na jikoni tayari bomba la maji lipo na njia ya maji machafu ipo. Mke wangu, huyu mkweo, alipofika mara ya kwanza aliitazama, akafungua kabati la pili, akafungua la tatu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta choo, kwa kuwa inaonekana hawa watu huweka kila kitu humu humu.

Jambo la pili ulijue: sisi tuko ghorofa ya kwanza, na chini yetu anakaa bibi mmoja wa Kiingereza, mstaafu, yeye na paka wake. Ndiye aliyegundua. Alipanda ngazi taratibu, akagonga, akaomba radhi kwa kunisumbua, akasifu hali ya hewa, akauliza habari za watoto, kisha akasema anajiuliza tu, na huenda anakosea, kama pengine kuna maji kidogo yanayopita mahali fulani. Nikashuka naye kuangalia. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka darini moja kwa moja ndani ya birika lake la chai, naye alikuwa amelifunua ili yasimwagike mezani. Shangazi, ingekuwa dari yako, Ngamiani yote ingekuwa na habari kabla tone la pili halijatua.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakuwahi kukaa juu ya mtu. Yanazoleka. Niliyazoa kwa mataulo, kwa mashuka, na kwa ile kanga uliyonipa mwenyewe siku naondoka, ambayo jina lake sitalitaja hapa kwa sababu usiku ule lilikuwa linanisema mimi.

Nilipomaliza kupiga deki nikaandika kwenye kundi la ukoo, maneno machache tu: mashine inavuja, nani ana ujuzi. Ndani ya saa moja ikaonekana kwamba ukoo mzima ni mafundi. Wewe, kwa sauti uliyorekodi ikazidi khutba ya Ijumaa, ulisema ni sabuni. Vijana wa siku hizi wanamwaga sabuni bila kipimo. Nitairudia hoja yako, haikuwa bure. Baba Mdogo akasema ni kijicho: niliwaonyesha picha ya mashine siku niliyoinunua, na picha ikipita mikononi mwa watu hupita na machoni mwao. Mdogo wangu wa Dodoma, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, akashauri niandike barua kwa mamlaka husika. Binamu fundi friji wa Barabara ya 12 akauliza chapa, akauliza mwaka, akanyamaza kitaalamu, kisha akaandika: "Hiyo gesi imeisha." Nikamwambia mashine ya kufulia haina gesi. Akajibu: "Sasa si ndiyo hivyo? Imeisha."

Ushauri wa Dodoma niliufuata. Nilimwandikia wakala wa mwenye nyumba. Akajibu kwa heshima kubwa, akauliza mashine ni ya nani. Nikasema ni yangu, nilinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama, pauni 90 pamoja na kushushiwa ngazi na shemeji yake. Wakala akanishukuru kwa uwazi wangu, akaeleza kwamba kwa kuwa mashine ni mali ya mpangaji, na dari ni mali ya mwenye nyumba, basi yeye atakuja kuipiga picha dari. Ya mashine hakuyataja tena.

Nikapiga simu kwa fundi. Huku fundi hana kibanda pembeni mwa barabara wala kijana wa kumshikia tochi; ana tovuti. Kuja kuangalia tu, kabla hajashika bisibisi, pauni 75, iwe itatengenezeka au haitatengenezeka. Angefika Alhamisi ya wiki inayofuata, kati ya saa 2 asubuhi na saa 7 mchana, na mimi sharti niwepo muda wote huo, maana yake siku ya kazi imekufa. Mafundi wetu wa Tanga husema "nipo njiani" wakiwa bado wanatafuta kiatu cha pili. Huyu wa huku hayuko njiani, na hadanganyi kwamba yuko. Nikapiga hesabu: macho ya fundi peke yake yanakaribia bei ya mashine nzima. Hapo nikaelewa kwa nini ukitembea mitaa ya Reading asubuhi unazikuta mashine zimesimama nje ya nyumba za watu, nzima kwa kuziangalia, zinangoja gari la chuma chakavu. Si kwamba hazitengenezeki. Mkono wa kuzitengeneza ndio ghali.

Najua utauliza: hakuna watu wa kujitolea? Wapo. Kuna mikutano ya mtaa ambako wastaafu wenye bisibisi wanakutengenezea kitu chako bure, mtindo ulioanzia Amsterdam mwaka 2009 na kusambaa Ulaya. Unapeleka tosta, unapeleka taa, unapeleka baiskeli ya mtoto. Mashine ya kufulia nimefikiria namna ya kuipandisha kwenye basi la zambarau namba 17, nikaona dereva atauliza inakwenda na tiketi ya mtu mzima au ya mtoto.

Sasa nije kwa Mjomba, maana yeye ndiye aliyeokoa jahazi na hakuna mtu kwenye kundi aliyempa sifa yake.

Mjomba alikuwa amesoma yote na hajaandika hata herufi. Unamjua: alistaafu karakana ya relwe, na kwake hata neno halitoki kabla halijakaguliwa. Akanipigia simu. Hakuniacha hata nimalize shikamoo.

"Linavuja likiwa limesimama au likiwa linakwenda?"

Kwake kila kitu chenye mota ni garimoshi. Nikamwambia linavujia mbele, chini, upande wa kushoto.

"Sikukuuliza wapi. Maji ni mwongo, mwanangu. Yanaanzia juu, yanatambaa na chuma, yanadondoka pale palipoinama kuliko pote, na wewe unakwenda kukaza spana pasipo na kosa. Niambie yanatoka saa ngapi."

Shangazi, nilikuwa nimekwisha kutazama mafundi wa video wa huku hadi macho yakauma. Kila mmoja ana kiungo chake anachokipenda, na kila uvujaji duniani kwake unatokana na kiungo hicho. Hakuna aliyeniuliza saa. Na ukilitafakari swali lenyewe utaona lina akili. Mashine ina vipindi: inaingiza maji, inafua, inayamwaga, inasuuza, inakamua. Kila kipindi kinatumia viungo vyake. Ukikijua kipindi, viungo vingine vyote unavipumzisha.

Tukaanza na kipindi cha kulala, wakati mashine imezimwa kabisa. Mjomba akaagiza nitandaze gazeti kavu chini yake na kulifikisha hadi nyuma, koki ikiwa wazi, kisha niende nikalale. Maana mpira unaoleta maji kutoka kwenye koki hubeba mgandamizo usiku na mchana, hata mashine ikiwa haina habari. Kama pale kwenye nati yake, au kile kipande cha raba kilichomo ndani ya nati, pana kasoro, gazeti litalowa bila mtu kugusa kitufe. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu, nikasoma habari zake zote za mpira wa miguu nikiwa nimelala kifudifudi jikoni. Mpira wa maji hauna kosa.

Kipindi cha kuingiza maji ndipo hoja yako ilipopata kikao. Maji yakiingia hupitia juu, kwenye droo ya sabuni, yanaichukua sabuni na kushuka nayo. Droo ikiziba, maji hayana pa kushukia. Yanafurika yanatokea mbele na kuteremka usoni mwa mashine, na mtu akiyaona chini atalaumu mlango. Na huku Reading droo zinaziba kweli, kwa sababu maji yetu yanatoka kwenye miamba ya chaki na yanakuja na chaki yake. Birika la umeme tu linaota ukoko mweupe ndani. Nikaichomoa droo. Nisikuelezee kilichokuwamo. Kulikuwa na sabuni iliyogeuka jiwe na ukungu mweusi wenye umri wa kupiga kura. Nikaisugua kwa mswaki wa zamani na siki.

Kuhusu kipimo cha sabuni, uko sahihi kwa nusu, na nusu hiyo ni ya dada yake mkweo alipokuja kututembelea. Yeye alifulia ile sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono aliyoiona kwenye duka la Wahindi akafurahi kukutana na kitu cha nyumbani. Sisi tumelelewa kuamini kuwa sabuni isiyotoa povu imekuibia pesa. Mashine hizi za mlango wa mbele hazitaki povu. Sabuni zake zimechanganywa na dawa ya kulizuia, kwa kuwa povu likizidi hupanda, hutafuta upenyo, na hutokea kwenye droo. Siku ile tulikuwa na povu hadi kwenye vishikio vya makabati. Lakini hilo lilikuwa siku moja, na uvujaji wa birika la bibi ulikuwa wa kila tukifua. Kwa hiyo droo safi, sabuni kijiko, na maji bado yapo. Shauri lako tumelifunga kwa heshima zote.

Kipindi cha kumwaga. Pale chini mbele, pembeni, mashine ina kijidirisha, na nyuma ya kijidirisha kuna chujio la pampu. Hilo hukamata vitu kabla havijaiharibu pampu, na lina raba yake. Likifungwa vibaya au raba ikichoka, maji hutokea hapo kila mashine inapomwaga. Mtu asilifungue kwa pupa, maana maji yote yaliyobaki ndani yanamngoja. Unaweka sinia, unatandika taulo, unalizungusha kidogo kidogo na kuacha maji yatoke kwa adabu. Nikalifungua. Ndani mlikuwamo kifungo cha shati langu la kazi, kibanio cha nywele, sarafu ya shilingi 200 yenye sura ya Mzee Karume, na mbegu za ubuyu. Mbegu za ubuyu, Shangazi! Watoto wanamumunya ule ubuyu uliowaletea, mbegu wanaweka mfukoni, mfuko unakwenda kufuliwa. Pampu ya Kiingereza imekwisha kuonja Zanzibar. Raba ya chujio ilikuwa nzima, nikaisafisha, nikafunga. Sarafu nimempa mtoto mkubwa aitunze, akauliza inanunua nini, nikabadilisha mazungumzo.

Kikafuata kipindi cha kukamua. Mjomba alikisubiri hiki kwa hamu, kwa kuwa kinahusu beringi, na beringi ndiyo lugha yake. Ngoma ya ndani inazunguka mara 1,200 kwa dakika na zaidi, ikishikwa na beringi kwa nyuma, na kati ya beringi na maji kuna sili. Sili ikifa, maji yanaingia kwenye beringi, yanateremka nyuma ya mashine yakiwa na rangi ya kutu, na mashine inanguruma ikikamua hadi majirani wanazima redio kusikiliza. Kuliona hilo sharti uivute mashine kutoka chini ya meza.

Hapo nilikutana na zege.

Nilikuwa sijui, na nadhani huko nyumbani wengi hawajui: ndani ya mashine ya kufulia kuna jiwe la zege. Si mfano wa maneno. Ni zege lenyewe, lililomwagwa kwenye umbo na kufungwa kwa boliti juu na mbele ya pipa linaloibeba ngoma. Kazi yake ni kuituliza mashine. Nguo zilizolowa hazikai sawa ndani ya ngoma. Zikizungushwa kwa kasi ile upande mmoja unakuwa mzito, na bila uzito wa kuishikilia mashine ingetembea ikatoka jikoni ikaenda sebuleni kuangalia televisheni. Ndiyo maana mashine nzima ina kilo kati ya 60 na 80. Mjomba alipoiona kwenye simu alinyamaza, akaniambia nisogeze kamera, akanyamaza tena, halafu akaita watu. Nilisikia nusu ya mtaa wakija kuangalia zege la Uingereza linalofua nguo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent walikuja na wazo la kuliondoa hilo zege na kuweka chombo cha plastiki kinachojazwa maji baada ya mashine kufika nyumbani, ili malori yasibebe uzito wa bure njiani. Wazo zuri. Lakini kwa wiki ile mimi sikuwa mtu wa kuambiwa habari za kuongeza maji mengine ndani ya mashine.

Nyuma palikuwa pakavu. Hakuna kutu, hakuna mngurumo. Mjomba alisikitika kidogo.

Kikabaki kipindi cha kufua chenyewe. Basi tukaiwasha ikafua nguo za kawaida, mimi nimekaa sakafuni na tochi, mkweo kashika simu, Mjomba yuko Tanga anatazama, na bibi wa chini amekaa na birika lake kama kituo cha pili cha uchunguzi. Maji yaliingia: kavu. Ngoma ikaanza kuzunguka: kavu. Maji yalipofika usawa wa ukingo wa mlango na nguo zikaanza kuyapiga, tone likatokea chini ya mlango, likafuata la pili, yakashika njia ya kushoto kwa sababu sakafu yetu imeinamia huko. Bibi akagonga dari kwa fimbo ya fagio, kwa upole.

"Raba ya mlango," akasema Mjomba, na akakata simu akaenda kuswali.

Hii raba ni kubwa, ya mviringo, ya kijivu, ina mikunjo. Inaunganisha pipa linalotikisika na mlango usiotikisika. Mikunjo yake ya chini ndiko kila kitu kinakojificha. Nikachomoa plagi, nikafunga koki, nikaingiza mkono na kuifunua pole pole kuanzia chini. Na hapo, Shangazi, pale chini kabisa, nikaikuta. Imechomeka ndani ya raba hadi shingoni: pini ya hijabu, kichwa cha lulu ya bandia, rangi ya zambarau.

Nikamwonyesha mkweo. Akaitazama, uso ukafunguka kwa furaha, akasema, "Ndiyo hii niliyoitafuta Idi!" Akaichukua akaenda nayo. Nikabaki na tundu.

Sitaki kumlaumu mtu. Nasema tu kwamba pini za aina ile hapa kwetu ziko kwenye kikopo kimoja, na kikopo kile kilifika kwa mkono wa mgeni kutoka Tanga, pamoja na ubuyu, dagaa na salamu zako.

Raba mpya niliiagiza mtandaoni. Kwenye ukingo wa mlango wa mashine, mahali unapopaona ukiufungua, kuna kibandiko chenye namba ya modeli. Bila namba hiyo usinunue chochote, kwa kuwa raba zote zinafanana hadi siku ya kuzivika. Nililipa pauni 28 pamoja na posta. Katika hili Waingereza nitawasifu. Tangu Julai 2021 wana sheria, waliyoioanisha na ile ya Umoja wa Ulaya, inayowataka watengenezaji wa mashine mpya za kufulia wawe na vipuri kwa miaka 10 baada ya kuacha kuuza modeli, na raba za mlango zimo kwenye orodha ya vile ambavyo hata mtu wa kawaida anaruhusiwa kuuziwa. Mota na pampu, sheria inasema wauziwe mafundi. Yaani wameweka mpaka kati yangu na Mjomba kwa maandishi. Mashine yangu ni ya zamani kuliko sheria hiyo, lakini raba zake bado zinauzwa.

Kuivika ilikuwa mieleka. Ya zamani hutoka kirahisi: mbele kuna pete ya waya yenye springi, unaichokonoa kwa bisibisi bapa, unaifunua raba, ndani kuna pete ya pili, nene zaidi, imefungwa kwa skrubu, nayo niliifikia kwa kuondoa kifuniko cha juu cha mashine. Ukingo wa pipa ukausafishe ukoko na utelezi, maana raba mpya juu ya uchafu wa zamani itavuja vilevile. Kisha unaipaka raba mpya sabuni ya vyombo ili iteleze, unahakikisha alama yake ya pembetatu iko juu na vitundu vyake vya kutolea maji viko chini. Vitundu vikikaa juu, mashine itakuwa inakuchekea. Ya ndani ilikaa. Pete ya mbele, ile ya springi, ilikataa kabisa. Ukiishika juu inachomoka chini, ukiikamata chini inaruka juu. Mkweo aliweka simu pembeni, akasukuma vidole vyake ndani, akaishika juu kwa mikono miwili, mimi nikaivuta springi kutoka chini, watoto wakahesabu moja mbili tatu, ikaingia kwa mlio. Binamu wa friji alikuwa anafuatilia kwa video. Akasema: "Umeona? Sasa gesi imekaa."

Tulijaribu kwa kusuuza bila nguo, karatasi za chooni zimezungushwa mbele na ubavuni. Zilibaki kavu. Tukafua mashuka. Kavu. Bibi wa chini akapanda na bati la biskuti, akasifu hali ya hewa, akauliza habari za watoto, kisha akasema anajiuliza tu, na nisijisikie vibaya kukataa, kama siku moja nikipata nafasi ningeweza kuitupia jicho na ya kwake, maana inanguruma. Nimempa namba ya Mjomba. Hawaelewani hata neno moja, ila Mjomba amekwisha kuusikiliza mngurumo kwenye simu na kusema ni beringi. Sijamwona na furaha ile tangu astaafu. Wakala naye alikuja, akaipiga picha dari, akasema inakauka vizuri.

Gharama yote, pauni 28 na mataulo. Kazi imefanywa na mstaafu wa relwe aliye Tanga, na mimi nilikuwa mikono yake tu. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, umpelekee Mjomba kuku. Nitatuma pesa Jumamosi. La pili, mgeni mwingine akija huku, mkweo ameomba tena pini. Mtumie zile za sumaku. Ubuyu usipunguze, watoto wanauliza kila siku, ila waambie wanaoufunga huko kwamba ule usio na mbegu, kama upo, tutaulipia zaidi.

Wasalaam,
Mwanao